Heide ya Lüneburg mwezi wa nane: chumvi, kondoo na maua ya zambarau

Watu wakija Ujerumani wengi wanaishia Berlin na München, na sisi tunaokaa Hamburg ndugu wakitutembelea tunawapeleka bandarini, wanakula samaki, wanapiga picha na meli basi. Safari hii nimeona hapana. Mama yangu amekuja kutoka Marangu na yeye mji haumfurahishi, anataka kuona watu wanalima nini na wanafuga nini, kwahiyo tumekodi gari tukaenda Heide ya Lüneburg, kusini mwa Hamburg hapo hapo, eneo kubwa la nyika kati ya Hamburg, Bremen na Hannover. Naandika siku kwa siku ili anayetaka kwenda ajue aanzie wapi.

Kitu cha kwanza ni muda. Heide ni nyika yenye vichaka vifupi, vinafika gotini tu, mwaka mzima vina rangi ya kahawia iliyochoka halafu mwezi wa nane vyote vinatoa maua ya zambarau kwa pamoja. Wenyeji wanasema inachanua tarehe 8 ya mwezi wa nane mpaka tarehe 9 ya mwezi wa tisa. Sio saa ya ukutani, mvua ikikosekana inachelewa au maua yanakuwa machache, mwaka 2018 ukame ulikausha sehemu kubwa kabisa. Ila ukienda katikati ya Agosti mara nyingi hukosi.

Jumatano, Lüneburg mjini

Tumeanza na mji wenyewe. Lüneburg ni mji wa matofali mekundu, majengo marefu membamba yenye paa za ngazi ngazi, na vita ya pili ya dunia haikuubomoa kama ilivyobomoa Hamburg, kwahiyo unachokiona ni cha zamani kweli. Tumekaa uwanja unaoitwa Am Sande tukanywa kahawa huku tunaangalia mnara wa kanisa la St. Johannis, una mita 108 na umepinda, unauona wazi wala huhitaji kuambiwa.

Utajiri wote wa mji huu umetoka kwenye chumvi. Chini ya mji kuna mwamba mkubwa wa chumvi, maji ya ardhini yanapita humo yanakuwa makali kuliko ya baharini, watu wakawa wanayavuta na kuyachemsha yakauke. Maandishi ya mwaka 956 tayari yanataja chumvi ya hapa. Zama za kati kulikuwa na nyumba 54 za kuchemshia, kila moja ina masufuria manne ya madini ya risasi, moto usiku na mchana. Chumvi ikapelekwa mji wa bandari wa Lübeck, kuanzia 1398 kwa mfereji kabisa, ikawa inatumika kuhifadhia samaki wa heringi waliokuwa wanaliwa Ulaya nzima hasa wakati wa mfungo. Kazi imeendelea mpaka 1980 ndio kiwanda kikafungwa, sasa ni makumbusho, Deutsches Salzmuseum. Ingieni, ni padogo lakini wameeleza vizuri.

Mume wangu ni mtu wa Kigoma na hapo ndipo alipochangamka, maana kwao Uvinza ni hivyo hivyo, chemchemi za maji ya chumvi karibu na mto Malagarasi, watu wamechemsha chumvi pale karne na karne, halafu Wajerumani walipotawala wakajenga kiwanda chao wakakiita Gottorp. Amemwelezea mama mkwe wake kwa kirefu hadi mhudumu wa makumbusho akasogea kuuliza tunaongea nini, tukamtafsiria, akasema hajawahi kusikia habari za Uvinza akaandika jina kwenye karatasi.

Chumvi ina deni lake. Walivyotoa chumvi chini, ardhi juu ikazama. Upande wa magharibi wa mji wa zamani unatembea unaona kuta zimetoka tumbo, milango imekatwa upya ifuate mteremko, nyumba mbili zinaegemeana. Kanisa la St. Lamberti lilikuwa hapo, lilipasuka hadi likabomolewa 1860. Mama akaweka mkono kwenye ukuta mmoja akasema, "Hapa mwanangu mimi silali."

Jambo moja nataka kulisema kwa sababu utaambiwa kinyume. Wageni wengi wanaambiwa kwamba Heide ilitokea kwa sababu misitu yote ilikatwa kuchemshia chumvi ya Lüneburg. Inaingia akilini haraka, lakini nyika hii ni ya zamani kuliko viwanda vya chumvi kwa maelfu ya miaka. Ilianza na wakulima na wafugaji wa kwanza kabisa kusafisha msitu na kuchunga kwenye mchanga usio na rutuba. Chumvi imejenga mji, ila Heide imejengwa na mkulima maskini, na hilo ndilo limenikaa kichwani safari nzima.

Alhamisi, Undeloh mpaka Wilsede

Kijiji cha Undeloh, saa tatu asubuhi, magari yanaachwa hapo. Wilsede ambayo ndiyo katikati ya hifadhi haiingii gari la mgeni, unakwenda kwa miguu, baiskeli au gari la farasi. Kuna pia basi la bure linaloitwa Heide-Shuttle, linazunguka vijiji katikati ya Julai mpaka katikati ya Oktoba, na baiskeli linabeba, kwahiyo hata bila gari inawezekana, unashuka na treni unaunganisha. Sisi kwa ajili ya magoti ya Mama tumepanda gari la farasi, farasi wawili wanene wenye miguu mizito, viti vya mbao, watu kama kumi na kitu tumebanana na blanketi magotini asubuhi ile ya baridi. Bebeni hela taslimu, usitegemee kadi.

Sasa njiani. Nusu saa ya kwanza ni msitu wa misonobari, halafu msitu unaisha ghafla na mbele yako ni zambarau. Sijui nielezeje. Sio kwamba ni maua makubwa, ua moja moja ni dogo kuliko punje ya mchele, ila yapo mamilioni na yanafunika vilima hadi mwisho wa macho, katikati yake imesimama miti ya mreteni myeusi mirefu kama watu waliosimama kusubiri, na njia nyeupe za mchanga zinapita. Na sauti, jamani sauti, nyuki tupu. Mtoto akanyamaza, na huyu mtoto hanyamazi.

Mama ameshuka tu kwenye gari akainama akachuma kijitawi akakinusa, akasema, "Hii si ile ya mlimani?" Na kweli ni ukoo mmoja. Ukipanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu, ukishapita kambi ya Mandara msitu unaisha unaingia kwenye vichaka vya erika, waongozaji wote wanakuonyesha, sehemu nyingine ni miti kabisa imevaa ndevu za kijivu, unaenda nayo hadi karibu na kambi ya Horombo. Kaka yangu anapandisha wageni huko ndio maana Mama anaijua. Ya kwetu ipo juu ya mita 2,700 na imejiotea, ya hapa ipo kwenye tambarare ya kaskazini mwa Ujerumani na haiwezi kujiotea peke yake, nitaeleza kesho.

Wilsede ni nyumba chache tu chini ya mialoni mikubwa. Kuna makumbusho humo, Dat ole Huus, imefunguliwa 1907, ni nyumba nzima ya mkulima wa Heide jinsi ilivyokuwa. Paa la majani hadi karibu na ardhi, mlango mkubwa wa kupitisha mkokoteni, ukiingia upande huu na upande huu ng'ombe, mbele moto uko chini sakafuni katikati na hakuna bomba la moshi. Moshi unapanda unatokea popote unapoweza, unakausha nyama iliyoning'inizwa darini na kufukuza wadudu kwenye majani. Watu walilala kwenye vyumba vya nyuma, kitanda kiko ndani ya kabati la ukutani. Mama amesimama pale katikati muda mrefu kuliko mgeni yeyote. Amezaliwa kwenye nyumba ya Kichagga ya zamani, msonge wa majani hadi chini, ng'ombe upande mmoja na watoto upande wa pili na moshi umejaa. Akawa ananionyesha kitu kimoja kimoja, hapa maziwa, hapa kuni, hapa mtoto mchanga na mama yake wanaota moto. Ndani kuna baridi na giza, dari ni nyeusi ya masizi, na mimi nimeona wazi kwamba huku nako watu walikuwa wanaishi kwa taabu sana. Wageni wengi wanapiga picha maua tu, basi nyumba hii wanaipita dakika tano. Kaeni.

Mchana tumekula nyama ya kondoo wa Heide kwa viazi, na viazi vya huku vina sifa yake, udongo wa mchanga unavipenda. Halafu keki ya unga wa bakwiti, ile nafaka ndogo nyeusi ya pembe tatu iliyokuwa inalimwa na maskini kwa sababu haidai mbolea, wanaipanga na krimu na matunda mekundu machachu. Nzuri sana, kuleni.

Kutoka kijijini unatembea kidogo tu unafika Totengrund, bonde lenye umbo la bakuli, zambarau ukutani mpaka chini. Hapo ndipo habari yote ya hifadhi ilipoanzia. Mwanzoni mwa karne ya 20 ilikuwa karibu liuzwe lijengwe nyumba za mapumziko. Mchungaji wa kanisa la Kilutheri wa kijiji cha Egestorf, Wilhelm Bode, akahangaika kutafuta mtu wa kulinunua, akampata profesa Andreas Thomsen wa Münster, mwaka 1906 akatoa mark 6,000 bonde likanunuliwa. Mwaka 1909 kikaanzishwa chama cha hifadhi, Verein Naturschutzpark, mwaka uliofuata kikanunua kilima cha Wilseder Berg, na mwanzoni mwa miaka ya 1920 eneo likawa hifadhi rasmi, mojawapo ya za kwanza kubwa Ujerumani, leo ni kama kilomita za mraba 234. Mama ni mzee wa kanisa KKKT usharika wa kwetu, kusikia ni mchungaji aliyefanya hayo akafurahi mno, akataka nimsomee kibao chote na kurudia.

Jioni tumepanda Wilseder Berg wenyewe. Ni mita 169 tu lakini ndio juu kabisa katika tambarare yote ya kaskazini magharibi, kwahiyo unaona mbali, hewa ikiwa safi unaiona minara ya Hamburg. Mwanahisabati Carl Friedrich Gauss alikitumia kilima hiki alipokuwa anapima ardhi ya ufalme wa Hannover kwa pembetatu miaka ya 1820. Tumekaa hadi jua linaelekea kuzama, zambarau inageuka inakuwa karibu nyekundu, na upepo unakuwa baridi hata Agosti, vaeni sweta.

Ijumaa, kondoo, nyuki na jembe

Leo hatujaenda mbali, na kwangu ndio ilikuwa siku bora kuliko zote.

Kondoo wa hapa wanaitwa Heidschnucke. Wadogo, manyoya marefu ya kijivu, uso na miguu myeusi, dume na jike wote wana pembe, watoto wanazaliwa weusi tii. Asubuhi mchunga kondoo anawatoa zizini mamia kwa pamoja na mbwa wake wawili, tumesimama pembeni ya njia wakatupita vumbi tupu. Mchunga kondoo ni kijana tu, kofia pana na fimbo ndefu, akasimama kuongea na sisi na Mama akamshika maswali mimi natafsiri. Wanazaa lini? Mnawaogesha dawa? Wanakula nini mvua isipokuja?

Majibu yake ndio yameniweka sawa. Kondoo hawa wanakula vijiti vya heide vyenyewe, wanavikata kila mwaka ndio vinachipua upya, na wanakula miche ya misonobari na ya miti ya huku inayoitwa birch, yenye gome jeupe, kabla haijawa miti. Ondoa kondoo, miaka michache miche imesimama, baada ya hapo ni msitu, maua hakuna. Yaani hii nyika tunayoiita asili ikiachwa peke yake inakufa.

Na kondoo peke yake hawatoshi. Zamani mkulima alikuwa anakwenda nyikani na jembe pana zito anakwangua tabaka la juu la udongo pamoja na mizizi, anabeba nyumbani anawatandikia ng'ombe, likishalowa mbolea analipeleka shambani kwa ajili ya rai, nafaka ya mkate mweusi. Hiyo ndio mbolea pekee aliyokuwa nayo. Shamba moja dogo likala nyika kubwa sana, na kazi yenyewe ilikuwa ya kuvunja mgongo. Lakini palipokwanguliwa paliota heide mpya. Karne ya 19 ikaja mbolea ya viwandani, reli, na pamba ya kondoo ya bei rahisi kutoka Australia, mkulima akaona ya nini mateso, akapanda misonobari au akalima viazi, kondoo wakapungua, na nyika iliyokuwa imefunika sehemu kubwa ya kaskazini ikabaki vipande. Ndio hali aliyoikuta Mchungaji Bode.

Leo kazi ile ile inafanywa na chama cha hifadhi kwa mashine. Wanakwangua, wanakata, na wakati wa baridi wanachoma moto sehemu ndogo ndogo kwa mpango ardhi ikiwa na unyevu. Hapo mimi na Mama tumeangaliana, maana Oktoba 2020 sisi tuliangalia moto juu ya mlima wetu unawaka siku baada ya siku kwenye hiyo hiyo erika, watu wanapanda na matawi kuuzima, na kila moto ukipita msitu wa juu unashuka chini zaidi na ukungu unaokamatwa na ile miti unapungua. Mmea ukoo mmoja, huku moto ni dawa kwa sababu nyika imetengenezwa na binadamu, kule moto ni hasara tupu. Mtu asichukue somo la hapa akalipeleka Kilimanjaro bila kufikiri. Ila lipo moja nalichukua bila wasiwasi, kwamba mfugaji na mifugo yake anaweza kuwa ndiye mlinzi wa hifadhi, sio adui yake. Kwetu ukisema hivyo unaonekana unatetea uvamizi. Hapa hifadhi inamlipa mtu mshahara achunge ndani.

Kuna shida pia. Mbwamwitu wa kijivu wa Ulaya wamerudi, watoto wao wa kwanza hapa Heide walionekana 2012 kwenye uwanja wa jeshi wa Munster, kwahiyo usiku kondoo wanafungiwa na uzio wa umeme upo. Na hewa yenyewe ya siku hizi inashuka na naitrojeni ya magari na mashamba, ni mbolea isiyoombwa, majani ya kawaida yananenepa yanaifunika heide. Mchunga kondoo akasema hilo linamtisha kuliko mbwamwitu.

Mchana nyuki. Wafugaji wa nyuki wanaleta mizinga yao Agosti kutoka mbali waje wale maua haya, utaiona imepangwa pembeni ya njia. Ya zamani ilikuwa vikapu vya majani makavu vilivyosukwa na kupakwa kinyesi cha ng'ombe, vimewekwa kwenye vibanda vya mbao mlango unatazama upande mmoja, sehemu nyingine bado vipo. Asali ya heide ni nyekundu kahawia, ina uchungu kidogo kwa mbali, na ni nzito kama jeli, haimwagiki mpaka uikoroge, ndio maana huwezi kuizungusha kirahisi kwenye mashine, wengine wanakamua. Mama ameonja akasema hii ni dawa ya kifua. Tumenunua mitungi mingi, bei iko juu kuliko asali ya dukani lakini unajua imetoka wapi.

Jumamosi, Hodenhagen

Hii ilikuwa siku ya mtoto. Serengeti-Park, ndiyo, jina hilo hilo, ipo tangu 1974 upande wa kusini magharibi wa Heide, unapita na gari lako katikati ya wanyama, twiga, pundamilia, vifaru weupe, simba wako nyuma ya mageti yao. Mtoto amefurahi mno na mahali panatunzwa. Kiingilio kinauma, nunueni mapema.

Ninachotaka kusema ni kuhusu Mama. Amekaa Marangu maisha yake yote na hii ilikuwa mara yake ya kwanza kumwona simba kwa macho. Kiingilio cha mwananchi kwenye hifadhi zetu sio kikubwa, ila gari, mafuta na kulala ndio vinamshinda mtu wa kawaida, na basi za shule zinazopeleka watoto ni chache. Nimefurahi kumwona anafurahi, na nimeumia pia. Tumekubaliana akirudi tunachanga na ndugu aende Serengeti yenyewe.

Jumapili, Bergen-Belsen

Mume wangu na mtoto wameenda Heide Park ya Soltau, ile ya michezo yenye Colossos, reli ya mbao inayopanda juu kabisa halafu inashuka. Mimi na Mama tumeenda Belsen. Mtoto bado mdogo, na nashauri wenye watoto wadogo mfanye hivyo.

Ipo kusini mwa Heide, karibu na mji wa Bergen. Mwanzo ilikuwa kambi ya wafungwa wa vita, wanajeshi wa Kisovieti karibu 20,000 walikufa hapo kwa njaa, baridi na magonjwa, wengi wao kipindi cha baridi cha 1941 kwenda 1942, waliwekwa nje kwenye nyika wakichimba mashimo kwa mikono. Mwaka 1943 SS, kile kikosi cha Hitler, wakachukua sehemu ya kambi wakaleta Wayahudi, na mwishoni mwa vita wakamimina humo watu waliotolewa kwenye kambi nyingine, hakuna chakula, hakuna maji, homa ya chawa ikawamaliza. Waliokufa kwenye kambi hiyo ya SS ni zaidi ya 52,000. Anne Frank, yule msichana wa Kiyahudi aliyeandika shajara akiwa mafichoni, na dada yake Margot wamo. Tarehe 15 Aprili 1945 Waingereza walipoingia walikuta maelfu ya maiti hazijazikwa, na hata baada ya kuokolewa zaidi ya watu 13,000 waliendelea kufa kwa sababu miili ilishachoka.

Mabanda hayapo, Waingereza waliyachoma kwa sababu ya ugonjwa. Kuna jengo la maelezo lililofunguliwa 2007, la zege, tulivu, picha na sauti za walionusurika wanaongea wenyewe. Kuingia ni bure. Ukitoka nje ni uwanja mkubwa, na humo kuna vichuguu virefu vilivyozungushiwa ukuta mfupi wa mawe. Juu yake wamepanda heide na ilikuwa imechanua. Kwenye ukuta kumeandikwa kwa Kijerumani: hapa wamelala wafu 1,000. Kinachofuata: wafu 2,500. Kinachofuata: wafu 5,000. Aprili 1945.

Mama aliniuliza, "Majina yao yako wapi?" Nikamwambia mengi hayajulikani, SS walichoma karatasi kabla ya kukimbia. Akauliza kama kila mmoja alikuwa na mama yake. Halafu akavua kitenge cha kichwani akapiga magoti kwenye njia ya kokoto, na magoti yale mabovu, akaomba kwa Kichagga kwa muda. Watu waliokuwa wanapita walisimama mbali wakasubiri. Kwenye jiwe la kumbukumbu la Anne na Margot, maana kaburi lenyewe halijulikani lilipo, watu wameacha vijiwe na barua za watoto wa shule.

Siku nne nimekuwa nasifia mikono ya watu iliyotengeneza nyika hii. Hawa pia walikuwa watu, na wengi wa walioendesha mambo haya walikuwa watu wa kawaida. Ukienda Heide ukaruka Belsen kwa sababu inaharibu likizo, nadhani unakosea. Nenda siku isiyo na ratiba nyingine.

Jioni hatukuongea sana. Mtoto alikuwa na hadithi zake za Colossos, tukamsikiliza.

Jumatatu, Schneverdingen

Siku ya mwisho tumeipa Pietzmoor, kinamasi nje kidogo ya mji wa Schneverdingen. Unatembea juu ya njia ya mbao, ukizunguka yote ni kama kilomita 5, maji meusi huku na huku, mashina ya miti iliyokufa imesimama. Udongo wake ni mboji iliyojijenga kwa maelfu ya miaka, mahali pengine unene wake ni mita 7, watu walikuwa wanaukata matofali wanakausha wanawashia moto mpaka katikati ya karne iliyopita. Sasa wameziba mifereji maji yarudi, mboji ikikauka inaoza na kutoa hewa ukaa, ikilowa inaihifadhi. Tumeona kerengende wengi na ule mmea mdogo mwekundu wenye matone ya gundi unaokula wadudu. Kaa kwenye mbao, pembeni ni kina, na kuna nyoka mwenye sumu anayeota jua asubuhi, hakufuati ukimwacha.

Karibu na hapo ni Osterheide. Hapo majeshi ya Uingereza yalikuwa yanafanya mazoezi ya vifaru vya vita mpaka 1994, ardhi ilibaki mchanga mtupu, upepo ukivuma mji mzima vumbi. Baada ya kuondoka wakasawazisha, wakamwaga matawi ya heide yenye mbegu, wakaleta kondoo. Leo imejaa zambarau na usipoambiwa huwezi kujua.

Mwisho tumepita Heidegarten, bustani ya aina zaidi ya 100 za heide, nyeupe, pinki, nyekundu, za njano majani, nyingine zinachanua katikati ya theluji, kuingia bure. Wikiendi ya mwisho wa Agosti mji huu unamtawaza malkia wa Heide, sisi tumewahi, ila mahoteli yalikuwa tayari yamejaa kwa siku hizo, kwahiyo mwenye nia aanze kutafuta mwezi wa tatu au wa nne.

Mambo madogo. Kupe wapo wengi, vaa soksi ndefu na ujikague kila jioni hasa nyuma ya magoti, wanaleta ugonjwa. Usitoke nje ya njia wala usichume maua, kile kijitawi cha Mama siku ya kwanza mwongozaji wa farasi alitukumbusha kwa upole kwamba ni hifadhi. Mbwa lazima awe na kamba. Wenye magoti mabovu gari la farasi kwenda na kurudi, usitumie njia ya mawe ya Wilsede kwa kiti cha magurudumu bila mtu wa kusukuma. Na ukimkuta mchunga kondoo usipige picha ukaondoka, msalimie, muulize habari za kondoo wake, wanapenda kueleza na wanajua mengi kuliko vibao vyote vilivyosimikwa njiani.